Je, Wajua? Karafuu kwenye Upanga wa Kijapani

Je, wajua kwamba upanga wa samurai ulinukia karafuu?

Chuma cha upanga wa Kijapani hushika kutu upesi, na dawa yake ya miaka mingi ilikuwa mafuta yaitwayo choji. Choji kwa Kijapani ni karafuu. Mengi yanayouzwa siku hizi ni mafuta mepesi ya madini yaliyotiwa harufu tu, lakini jina halijaondoka, wala taratibu zake. Mwenye upanga huuchomoa, akafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini, akaugongagonga kwa kifurushi cha hariri chenye unga wa jiwe la kunolea, akaufuta tena, kisha akaupaka mafuta mapya, membamba kama jasho. Wakati wote huo hatakiwi kuzungumza akiwa ameuinamia. Tone moja la mate linatosha kuacha doa.

Karafuu imo hata ndani ya chuma chenyewe. Ukiutazama upanga mzuri kwenye mwanga utaona mstari mweupe kama ukungu unaofuata makali kutoka shinani hadi nchani. Mstari huo huitwa hamoni, na kila ukoo wa wahunzi ulikuwa na mwandiko wake: wengine mnyoofu, wengine wa mawimbi. Ukiwa na vijivimbe vyenye kichwa cha mviringo na shingo nyembamba, huitwa choji, kwa kuwa unafanana na karafuu zilizopangwa safu. Wahunzi wa Bizen, sehemu ya mkoa wa Okayama wa leo, walivuma kwa choji katika karne ya 13. Wakati huo mkarafuu ulikuwa haujapandwa Unguja wala Pemba. Karafuu za dunia zilitoka visiwa vya Maluku. Hata hivyo Mpemba aliyekulia kwenye majamvi ya kuanikia karafuu, akionyeshwa upanga wa Bizen, hatahitaji mkalimani.

Na wavuvi nao wana lao. Mpini wa mti huvikwa kwanza ngozi ya taa, samaki yule bapa ambaye pwani yetu anajulikana zaidi kwa mkia wake. Ngozi yake ina chembechembe ngumu. Juu yake huzungushwa utepe wa hariri au pamba kwa kukaza, na chembechembe zile huushika utepe usiteleze hata mkono ukilowa.

UPANGA HUJIPINDA WENYEWE

Wengi hudhani ule mkunjo mzuri wa katana, upanga mrefu wa samurai, hutokana na nyundo peke yake. Sehemu yake kubwa huja kwa sekunde chache, majini. Kabla ya kuutia moto wa mwisho, mhunzi huupaka upanga udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na unga wa mkaa na wa jiwe: mgongoni mnene, kwenye makali kiduchu. Karakana hutiwa giza. Hakuna kipimajoto, jicho la mhunzi ndilo linalosoma wekundu wa chuma, na mwanga wa jua ungemdanganya. Rangi ikifika pale anapopataka, huuzamisha upanga majini.

Makali, yaliyofunikwa kidogo, hupoa ghafla, yakawa magumu na kutanuka. Mgongo, uliojifunika udongo kama mtu aliyejifunika blanketi, hupoa polepole na kubaki laini. Upande mmoja ukitanuka na mwingine usifuate, upanga wote hujikunja kuelekea mgongoni. Hamoni ni mpaka wa pande hizo mbili. Makali magumu hukata, lakini yakiwa peke yake yangevunjika kama kigae. Mgongo laini ndio unaomeza kishindo.

Hapo ndipo kazi ya miezi inapoweza kupotea. Mhunzi akisikia mlio mdogo, "ting", kutoka majini, anajua makali yamepasuka. Upanga huo hautakuwa upanga tena.

Chuma chake nacho si cha dukani. Huitwa tamahagane, na huyeyushwa kutoka kwenye mchanga wa chuma kwa moto wa mkaa, ndani ya tanuri ya udongo iitwayo tatara. Huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, tanuri ya namna hiyo ilifufuliwa mwaka 1977 ili wahunzi wa panga wasikose malighafi, na huwashwa majira ya baridi tu. Moto hukaa siku 3 mchana na usiku, na kila baada ya nusu saa hivi mchanga na mkaa huongezwa. Mwisho tanuri hubomolewa, na ndani yake huvutwa bonge la zaidi ya tani 2 ambalo ni sehemu yake tu itakayofaa kwa upanga.

Tena kuna lile la "upanga uliokunjwa mara elfu". Mhunzi hukunja chuma mara 10 hadi 15 kwa kawaida. Hesabu ndiyo inayofanya mengine: kila mkunjo huzidisha tabaka maradufu, kwa hiyo mikunjo 10 huzaa tabaka 1,024, na mikunjo 15 huzaa 32,768. Hakuna uganga ndani yake. Mikunjo husukuma nje mavi ya chuma na kuisambaza kaboni isijikusanye mahali pamoja.

MAKALI JUU, MAKALI CHINI

Ukiwa kwenye jumba la makumbusho na huna wa kukueleza, tazama makali yameelekezwa wapi. Yakitazama juu, hiyo ni katana, iliyochomekwa kwenye mshipi wa kiunoni. Yakitazama chini, hiyo ni tachi, upanga wa zamani zaidi ulioning'inizwa kwa kamba na wapanda farasi. Kipimo ni shaku, ambayo ni sentimita 30.3. Upanga uliozidi shaku 2 ni mrefu. Ulio kati ya shaku 1 na 2 ni wakizashi. Ulio chini ya shaku 1 ni tanto, yaani kisu. Enzi ya Edo, kuanzia mwaka 1603, haki ya kuvaa mrefu na mfupi kwa pamoja ilikuwa ya samurai, na jozi hiyo ndiyo iliyomtambulisha barabarani kama sare. Mfanyabiashara aliweza kusafiri na mfupi peke yake.

Katana haifyeki kama panga la shambani. Mkono wa kushoto hushika mwisho wa mpini na ndio wenye nguvu. Wa kulia, karibu na kinga ya mkono, huongoza tu. Makali hayagongi yakaishia hapo: huvutwa yakiwa ndani ya kile yanachokikata, kama mtu anayekata samaki mbichi kwa kisu kirefu. Anayeanza hutumia mkono wa kulia kupita kiasi, na mwalimu humwona toka mlangoni.

Sanaa iitwayo iaido haina mpinzani wala mwamuzi wa kupiga filimbi. Mtu hukaa au husimama peke yake, huchomoa na kukata kwa tendo moja, hukung'uta damu ambayo haipo, kisha huurudisha upanga alani bila kuangalia. Mwanzilishi wake hutajwa kuwa Hayashizaki Jinsuke, wa karne ya 16. Siri ya kuchomoa haraka iko mkono wa kushoto, unaoirudisha ala nyuma wakati wa kulia unautoa upanga. Hatari iko kwenye kurudisha: ni kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono huo wa kushoto ndipo upanga hupitishwa kutafuta mdomo wa ala.

Ubora wa makali siku hizi hujaribiwa kwenye mikeka ya majani iliyoviringishwa na kulowekwa. Enzi ya Edo walitumia maiti za watu waliokatwa vichwa kwa hukumu. Ukoo wa Yamada Asaemon ndio uliofanya kazi hiyo kwa vizazi kadhaa, na matokeo yaliweza kuchongwa kwa dhahabu kwenye sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini: upanga huu ulikata miili kadhaa kwa pigo moja. Panga zenye vyeti hivyo zipo hadi leo, na bei zake ni za kutisha kama maandishi yenyewe.

KABLA YA UPANGA, UPINDE

Filamu zimetufanya tumwone samurai na upanga tu. Samurai wa kwanza angeshangaa. Kwa karne nyingi kazi yao ilijulikana kama njia ya upinde na farasi, na upanga ulikuwa wa dharura, mishale ikiisha au farasi akianguka.

Upinde wao, yumi, una umbo ambalo mtu akiliona mara ya kwanza hudhani fundi alikosea. Una urefu wa sentimita 221, unamzidi aliyeushika, na mahali pa kushika si katikati bali theluthi moja kutoka chini. Maelezo yanayopendwa ni kwamba ulifanywa hivyo ili mpanda farasi aweze kuuvusha juu ya shingo ya mnyama. Maelezo mazuri, ila yana kasoro: maandishi ya Kichina ya karne ya 3 tayari yanawataja watu wa visiwa vile wakitumia pinde zenye sehemu fupi chini na ndefu juu, na vita vya farasi vilikuwa bado havijafika huko. Farasi aliukuta upinde ulivyo.

Hutengenezwa kwa mianzi na mti vilivyogundishwa tabaka kwa tabaka. Mpigaji huvaa glavu ya ngozi yenye kidole gumba kigumu, na uzi huvutwa kwa gumba hilo, si kwa vidole vitatu kama Ulaya. Mkono huenda mpaka nyuma ya sikio. Mshale ukiachiwa, upinde hujizungusha ndani ya kiganja cha kushoto mpaka uzi ukatua upande wa pili wa mkono, jambo ambalo kwa jicho la mgeni ni kama mazingaombwe. Katika kyudo, sanaa ya upinde ya leo, shabaha ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 36 na iko umbali wa mita 28.

Sasa njoo Kyoto, kwenye hekalu la Sanjusangendo. Jengo lake ni refu ajabu, mita 120 hivi, na kando yake kuna baraza lililofunikwa na paa. Enzi ya Edo wapiga mishale walishindana kuirusha kutoka ncha moja ya baraza hadi nyingine. Ugumu si umbali peke yake. Paa liko chini, kwa hiyo mshale hauwezi kurushwa juu ukashuka. Lazima uende tambarare, na hiyo inataka upinde mgumu sana.

Mwaka 1686 kijana aitwaye Wasa Daihachiro, wa jimbo la Kishu, alirusha mishale 13,053 kwa muda wa saa 24. Iliyofika upande wa pili bila kugusa paa wala sakafu ilikuwa 8,133. Gawanya uone: mshale mmoja kila sekunde 6 na ushei, mchana kutwa na usiku kucha. Rekodi aliyoivunja, ya mishale 8,000 kamili, ilikuwa ya Hoshino Kanzaemon tangu mwaka 1669. Husimuliwa kwamba katikati ya zoezi mkono wa Wasa ulivimba akashindwa kuendelea, ndipo Hoshino huyo huyo alipomwendea akamchanja kwa kisu kidogo damu iliyoganda itoke, na Wasa akarudi kupiga. Kama kisa ni cha kweli au kimetiwa chumvi, rekodi haijavunjwa hadi leo.

MKUKI NA KERENG'ENDE

Askari wa kawaida wa karne ya 16 alishika mkuki. Mtu anaweza kufundishwa kusimama safu moja na wenzake wenye mikuki mirefu kwa muda mfupi. Kumfundisha upanga ni kazi ya miaka. Mikuki michache ilipewa majina kama watu. Wa Honda Tadakatsu, jemadari wa mtawala Tokugawa Ieyasu, uliitwa Tonbokiri, yaani mkata kereng'ende, kwa hadithi kwamba kereng'ende alitua kwenye makali yake akaanguka vipande viwili. Kule Nara, mtawa wa Kibudha aitwaye In'ei alianzisha skuli ya Hozoin ya mkuki wenye msalaba, ambao ukikosa kuchoma wakati wa kwenda, unaweza kunasa wakati wa kurudi. Mtawa na mkuki: Wajapani hawakuona ajabu.

SILAHA YA NAKANO TAKEKO

Naginata ni mti mrefu wenye ubapa wa upanga uliopinda nchani. Mwanzoni ilikuwa ya wapiganaji wa miguu na watawa wa mahekalu yenye majeshi. Baadaye, enzi ya amani ya Edo, ikawa silaha ya wake na mabinti wa samurai, kwa sababu inayoeleweka: urefu wake humweka mbali mtu mwenye nguvu zaidi, na mzunguko wake hufanya kazi ambayo misuli ingefanya.

Msimu wa vuli mwaka 1868, majeshi ya serikali mpya ya Meiji yaliuzingira mji wa Aizu. Wakuu wa Aizu hawakutaka kuwaandikisha wanawake jeshini. Nakano Takeko, binti wa miaka ishirini na kidogo na mwalimu wa naginata, alikwenda vitani na kikundi cha wanawake bila kuandikishwa. Walikutana na askari wenye bunduki. Alipigwa risasi kifuani, na kabla ya kufa alimwomba mdogo wake amkate kichwa ili adui asikichukue. Kilizikwa kwenye hekalu la Hokai, huko Aizu Bange.

Leo naginata ni mchezo, na Japani wengi wanaoucheza ni wanawake. Silaha ya mchezo ina mti wa mwaloni na nchani vipande vya mwanzi. Kuna pia mapambano ya naginata dhidi ya kendo, mchezo wa upanga wa mianzi, na hapo mcheza kendo lazima avae kinga za ziada miguuni, chini ya goti, maana naginata inaruhusiwa kupiga muundi na yeye hajazoea kuulinda. Ni kichekesho kumtazama akirukaruka.

KASIA LA MUSASHI, FIMBO YA GONNOSUKE

Miyamoto Musashi ndiye mpiga upanga anayejulikana kuliko wote Japani, na pambano lake mashuhuri zaidi hakulipiga kwa upanga wa chuma. Mwaka 1612, kwenye kisiwa kidogo katikati ya mlangobahari wa Kanmon, alimuua Sasaki Kojiro kwa upanga wa mti. Kila mtoto wa Kijapani ameambiwa kwamba alichelewa makusudi kumkasirisha mwenzake, na kwamba upanga huo aliuchonga njiani kutoka kwenye kasia la mashua. Lakini jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa Kokura mwaka 1654, miaka 9 tu baada ya Musashi kufa, linataja upanga wa mti na halisemi habari ya kasia. Kasia liliingia hadithini baadaye. Mimi nalipenda, lakini haki ya jiwe ni haki yake.

Upanga wa mti, bokuto, si wa kitoto. Mwaloni mgumu ukimfika mtu kichwani huvunja fuvu. Wanafunzi wa skuli za kale waliutumia kwa mazoezi yaliyopangwa hatua kwa hatua, kila mmoja akijua mwenzake atafanya nini, kwa kuwa kubahatisha kungemaliza darasa.

Mtu mwingine huonekana kwenye hadithi za Musashi: Muso Gonnosuke. Mapokeo ya skuli yake yanasema alishindwa na Musashi, akaenda kufunga na kuomba kwenye mlima Homan, kisiwani Kyushu, na akateremka na wazo la fimbo ya kawaida, jo. Urefu wake ni kama sentimita 128, unene sentimita 2.4, mviringo mtupu, haina mbele wala nyuma. Kutokuwa na mbele ndiko kunakoitia hatari: unachoma kama mkuki, unafagia kama naginata, unapiga kama upanga, na ncha uliyoidhania imelala ndiyo inayokujia. Skuli yake ilitunzwa na watawala wa Fukuoka, na katika karne ya 20 mwalimu Shimizu Takaji aliipeleka Tokyo, ambako polisi waliichukua. Askari wa kutuliza ghasia wa Japani bado hujifunza fimbo.

KUKAMATA BILA KUUA

Polisi wa enzi ya Edo walikuwa na tatizo ambalo samurai wa vitani hakuwa nalo. Mtuhumiwa lazima afike kwa hakimu akiwa hai. Zana zao zote zinasimulia hilo. Jite ni kirungu cha chuma chenye kulabu moja karibu na mpini, cha kuzuia upanga na kunasa nguo, na pia kilikuwa kama kitambulisho cha kazi. Kwenye vituo vya ukaguzi barabarani palisimamishwa miti mitatu mirefu: mmoja wenye uma mpana wa kumbana mtu ukutani, mwingine wenye umbo la herufi T, na wa tatu wenye miiba iliyopinda ya kusokota mikono mipana ya kimono. Kufunga kamba nako kulikuwa somo lenye skuli zake, na lenye adabu zake: kufungwa fundo kulikuwa aibu ya mhalifu, kwa hiyo ilikuwepo namna ya kumzungushia mtu kamba ikamshika bila fundo hata moja, kwa ambaye bado hajahukumiwa.

Ule uma mpana, sasumata, umerudi kazini. Mwezi Juni 2001 mtu mwenye kisu aliingia shule ya msingi ya Ikeda, karibu na Osaka, akaua watoto 8. Tangu hapo shule nyingi za Japani zimeweka sasumata za alumini ukutani, na walimu hufanya mazoezi ya kumbana mvamizi watatu kwa wanne, kila mmoja kutoka upande wake. Silaha ya polisi wa karne ya 17, mikononi mwa mwalimu wa hisabati.

OKINAWA, NA LILE TULILOLIONA KWENYE VIDEO

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatukuhitaji kufundishwa nunchaku. Vipande viwili vya mti, mnyororo au kamba, na uvimbe kwenye kisogo cha kila mtoto wa mtaani aliyejaribu kumwiga Bruce Lee. Wengi tuliichukulia kuwa ya Wachina. Nyumbani kwake ni Okinawa, visiwa vya kusini vilivyokuwa ufalme wa Ryukyu, uliovamiwa na jimbo la Satsuma mwaka 1609.

Huko ndiko pia zilikotoka fimbo ndefu ya bo, tonfa yenye mshikio wa pembeni, mundu, na sai, ile yenye meno matatu. Hadithi inayorudiwa kila mahali ni kwamba wakulima walinyang'anywa silaha wakageuza zana za shamba. Ina ukweli wake kidogo: mundu ni mundu, na tonfa inafanana na mshikio wa jiwe la kusagia. Lakini sai haikuwahi kulima chochote. Ilikuwa ya maafisa wa ufalme, wanaosimamia usalama, na mazoezi mengi ya silaha yaliyorithiwa yana majina ya watu wa tabaka la juu, kama Sakugawa na Chatan Yara. Mkulima aliyechoka shambani hakuwa na muda wa kutunga sanaa.

Sai haina makali. Hubebwa tatu: mbili mikononi, ya tatu kiunoni, ya kurushwa mguuni mwa adui. Ninayoipenda zaidi ni eku, kasia la wavuvi. Moja ya mapigo yake ni kuchota mchanga wa ufukweni kwa bapa la kasia na kumrushia mtu machoni. Mvuvi yeyote anaielewa papo hapo.

Tonfa iliajiriwa Marekani miaka ya 1970, ikawa kirungu cha polisi chenye mshikio wa pembeni. Nunchaku haikubahatika hivyo. Jimbo la New York liliipiga marufuku mwaka 1974 wakati homa ya filamu za kung fu ikiwa juu, na marufuku hiyo ilidumu hadi Desemba 2018, mahakama ya shirikisho ilipoibatilisha.

NINJA KWA UFUPI

Kwa ufupi kwa sababu yaliyosemwa yanatosha. Hakuna ushahidi wa kale wa ule upanga mnyoofu wa ninja. Mavazi meusi yanahusishwa zaidi na jukwaa la maigizo ya kabuki, ambako wasaidizi huvaa nyeusi ili watazamaji wajifanye hawawaoni. Nyota za kurusha zilikuwa za kumshtua mtu ageuze uso, na vijiti vya chuma vyenye ncha vilifundishwa kwenye skuli za samurai wenyewe. Miiba ya kutawanya njiani ilikuwepo kweli, na mingine ilikuwa mbegu kavu za mmea wa majini. Kitabu chao kikubwa, Bansenshukai cha mwaka 1676, kinahangaika sana na upelelezi na uvumilivu.

MIANZI MINNE

Panga zimebanwa Japani mara kadhaa. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliwanyang'anya wakulima, akiwaambia chuma cha panga hizo kitakuwa misumari ya kujengea sanamu kubwa ya Buddha, kwa hiyo watanufaika duniani na ahera. Mwaka 1876 serikali ya Meiji iliwakataza samurai wenyewe kuvaa panga hadharani. Baada ya mwaka 1945 majeshi ya Marekani yalizikusanya kwa malori. Leo upanga unaruhusiwa ukiwa na karatasi ya usajili, na ofisi inayoitoa si ya polisi bali bodi ya elimu ya mkoa, kwa kuwa upanga huhesabiwa kazi ya sanaa. Mhunzi husomea si chini ya miaka 5 kwa mhunzi mwenye leseni, na akifuzu haruhusiwi kutengeneza zaidi ya panga ndefu 2 kwa mwezi.

Kendo ilinusurika kwa mianzi. Shinai, upanga wake, ni vipande vinne vya mwanzi vilivyofungwa kwa ngozi, na uzi mmoja uliokazwa upande wa juu kuonyesha mgongo wa upanga uko wapi, maana anayepiga kwa mgongo hajakata kitu. Hupigwa kichwa, kifundo cha mkono na ubavu, na huchomwa kooni. Lakini kugusa hakutoshi. Sauti, mguu na upanga vifike pamoja, na baada ya pigo mtu abaki macho kama adui bado anapumua. Mchezaji akishangilia pointi yake kwa kurusha ngumi hewani, waamuzi huweza kumnyang'anya. Mashindano ya dunia yalianza Tokyo mwaka 1970, na timu ya wanaume ya Japani ilitwaa ubingwa kila mara hadi Taipei mwaka 2006, Marekani ilipoitoa nusu fainali na Korea Kusini kuondoka na kombe.

KISU CHA MWAMUZI

Mara nyingine ukitazama sumo, waache wale wanaume wakubwa kidogo umtazame mwamuzi. Pepeo aliyoishika ilikuwa ya majemadari wa vitani kuelekezea majeshi. Waamuzi wa daraja la juu kabisa huchomeka pia tanto kiunoni, ishara kwamba wakikosea wako tayari kujipasua tumbo. Siku hizi uamuzi wao ukitenguliwa na majaji waliokaa kando ya ulingo, hutoa ombi la kujiuzulu. Chama cha sumo kwa kawaida hulikataa, na kesho yake mwamuzi yuko ulingoni, kisu kiunoni.